Kikao ambacho sikukiitisha

Jioni moja ya Agosti 2017 nilimpigia simu muuzaji wangu wa gari la mikate nikamwambia asirudi tena kazini. Alikuwa amefanya kazi nami kwa miaka 5, tangu tanuri letu hapa Morogoro lilipokuwa na wafanyakazi 3 na gari la mtumba lililokuwa likiwashwa kwa kusukumwa. Hesabu ya siku hiyo ilikuwa na shoti ya shilingi 380,000, na kwa kuwa wiki mbili kabla ilikuwapo shoti nyingine ndogo, niliamini kwamba nimeshapata jibu. Simu yenyewe haikuchukua dakika 2. Nililala nikiamini kuwa nimeilinda biashara yangu.

Wiki ya tatu nililetewa fomu ya Tume ya Usuluhishi na Uamuzi. Mfanyakazi anayelalamikia kuachishwa kazi ana siku 30 za kuipeleka fomu hiyo Tume, naye alikuwa ameipeleka mapema kabisa. Msuluhishi alitukaribisha kwa upole, akatueleza kwamba kazi yake si kuhukumu bali ni kutusaidia kukubaliana, kisha akanigeukia na kuniomba karatasi nne: mkataba wa ajira au maelezo ya maandishi ya ajira, barua ya tuhuma, muhtasari wa kikao cha nidhamu, na barua ya kuachishwa kazi. Sikuwa na hata moja. Nilikuwa na daftari la mauzo lenye shoti iliyozungushiwa wino mwekundu, na nilidhani kwamba daftari hilo linatosha.

Tulipopumzika kidogo tukakutana ukumbini, akanisalimia kama alivyonisalimia miaka yote, kisha akasema, "Mama, mimi nilingoja uniite. Hukuniita." Hakusema zaidi ya hapo. Makala hii naiandika kwa sababu ya maneno hayo, maana tangu siku ile nimekutana na wenye maduka, saluni, karakana na migahawa wengi ambao wapo nilipokuwa mimi, na ambao wakiulizwa kuhusu wafanyakazi wao hujibu kwa moyo mweupe kabisa: sisi hapa tunaishi kama familia.

Nami nilikuwa nikisema hivyo, na ilikuwa kweli kwa namna yake. Nilihudhuria misiba yao, nililipa ada ya shule ya mtoto wa mmoja wao, na tulikula chungu kimoja. Lakini udugu huo haukuwahi kuandika saa za kazi, haukuandika mshahara unahesabiwaje, na siku ya ugomvi haukumpa mtu yeyote nafasi ya kujitetea. Mwenye kaya ndiye niliyekuwa nikisema peke yangu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Namba 6 ya mwaka 2004, haisemi kwamba mwajiri asiwapende watu wake. Inachomtaka afanye ni mambo mawili ambayo mwajiri mdogo huyaona kuwa ni ya makampuni makubwa: aandike, na asikilize kabla ya kuamua.

Naanza na kusikiliza, kwa sababu ndiko nilikoanguka. Sheria inamtaka mwajiri anayemwachisha mtu kazi awe na sababu ya haki, na pia awe amefuata utaratibu wa haki, na ni lazima yote mawili yawepo. Mwajiri mwenye sababu nzuri lakini asiyefuata utaratibu amekosea, kama alivyokosea yule aliyefanya vikao vizuri bila sababu. Utaratibu wenyewe umeelezwa katika Kanuni za Utendaji Bora za mwaka 2007, Tangazo la Serikali Namba 42, wala haumhitaji mtu awe na idara ya rasilimali watu. Kwanza uchunguze, ili ujue kama kuna jambo la kujibu. Ukiona lipo, umwandikie mfanyakazi tuhuma kwa lugha anayoielewa, umpe muda wa kujiandaa usiopungua saa 48, na umruhusu aje na mwakilishi wa chama cha wafanyakazi au mfanyakazi mwenzake wa kumsaidia. Ushahidi utolewe mbele yake, naye apate kuwahoji mashahidi na kuleta wa kwake. Akionekana ana kosa, apewe nafasi ya kueleza yanayoweza kumpunguzia adhabu, kama vile miaka yake ya utumishi na mwenendo wake wa nyuma. Uamuzi uwe na sababu zake, na aambiwe haki aliyonayo ya kukata rufaa au kwenda Tume.

Mwenyekiti wa kikao hicho hapaswi kuwa mtu aliyehusika na tukio lenyewe. Hapa ndipo biashara ndogo hukwama, kwa sababu mwenye mali ndiye aliyegundua shoti, ndiye mlalamikaji, ndiye shahidi, na anataka awe pia hakimu. Siku hizi mimi humwomba ofisa utumishi mstaafu anayeishi mtaa wa pili aje aongoze kikao, nikimlipa posho ya nusu siku. Nami hukaa upande wa walalamikaji, nikatoa ushahidi wangu na kuulizwa maswali kama shahidi mwingine yeyote.

Wakati ule wa kesi yangu, sheria ilitaja fidia isiyopungua mshahara wa miezi 12 kwa aliyeachishwa isivyo haki, mbali na notisi, likizo aliyokuwa akidai, na malipo mengine yanayomstahili. Mshahara wake ulikuwa shilingi 292,500 kwa mwezi, kwa hiyo miezi 12 ilikuwa shilingi 3,510,000. Kiasi tulichokubaliana mbele ya msuluhishi kitabaki mezani pale, lakini kilinitosha kununua mashine ya kukandia unga niliyokuwa nimeiwekea akiba kwa miaka 2, na mashine hiyo sikuinunua. Hakuna aliyewahi kuthibitisha kwamba fedha zile alizichukua yeye. Sikulitafuta jibu hilo wakati lilipoweza kupatikana, na hilo linanisumbua kuliko fedha.

Kuhusu shoti penyewe nina neno refu kidogo, kwa kuwa ni ugonjwa wa biashara nyingi ninazozifahamu. Mhudumu akivunja sahani, anakatwa. Muuzaji akileta pungufu, anakatwa. Dereva akigonga taa, anakatwa mpaka mshahara wa mwezi unakwisha, na mwajiri huona huo ni uungwana kwa kuwa hakumpeleka polisi. Sheria inaruhusu makato ya hasara, ila kwa masharti. Hasara iwe imetokea katika kazi na kwa kosa la mfanyakazi mwenyewe. Mwajiri amweleze kwa maandishi chanzo chake, kiasi chake na namna alivyokihesabu, na ampe nafasi ya kupinga. Mfanyakazi akubali makato hayo kwa maandishi. Hata akikubali yote, makato ya hasara yasizidi robo ya ujira wake. Kwa mshahara wa 292,500, robo ni shilingi 73,125, kwa hiyo shoti ya 380,000, hata ingethibitishwa na kukubaliwa, isingekatwa kwa pungufu ya miezi 6. Niliposoma hayo nilirudi kwenye madaftari yangu nikaona kwamba miaka ya nyuma niliwahi kumkata mpakiaji wa mikate nusu ya mshahara kwa trei zilizopinda. Nilimrudishia.

Kuandika kuna manufaa ambayo mtu huyaona siku ya shida tu. Sheria inataka kila mfanyakazi apewe maelezo ya maandishi yanayotaja jina lake, umri, anwani na jinsia, mahali alikoajiriwa, kazi atakayofanya, tarehe ya kuanza, aina na muda wa mkataba, kituo cha kazi, saa za kazi, na mshahara pamoja na namna unavyokokotolewa. Ukurasa mmoja na nusu unatosha. Mwajiri anatakiwa kuyatunza maelezo hayo kwa miaka 5 baada ya ajira kwisha, na shauri likifika mbele ya Tume naye akashindwa kuyatoa, mzigo wa kuthibitisha au kukanusha sharti linalodaiwa unakuwa wake. Yaani mfanyakazi akisema mliafikiana mshahara wa 400,000, nawe huna karatasi, ni wewe utakayehangaika kuonyesha kwamba haikuwa hivyo. Yangu nimeyaandika kwa Kiswahili, na asiyesoma vizuri nakaa naye namsomea, kwa sababu sheria inataka yaelezwe kwa namna ambayo mfanyakazi anaelewa. Nalitaja hili kwa uchungu kidogo. Sheria zetu nyingi zilitungwa kwa Kiingereza, na mabadiliko ya kuifanya Kiswahili kuwa lugha ya sheria yalipitishwa mwaka 2021 tu. Kwa miaka yote hiyo, mkandaji unga na bosi wake walikuwa wakigombana juu ya maandishi ambayo wote wawili hawakuwa wameyasoma.

Wapo watakaosema kuwa wao hawana wafanyakazi, wana vibarua. Nilisema hivyo pia kuhusu vijana wawili wa kupakia niliokuwa nikiwalipa kila Jumamosi. Lakini Sheria ya Taasisi za Kazi, Namba 7 ya mwaka 2004, inamchukulia mtu kuwa mwajiriwa, mpaka ithibitishwe vinginevyo, ikiwa lipo hata moja kati ya mambo iliyoyataja: kwamba unamwelekeza namna ya kufanya kazi au unampangia saa zake, kwamba amekufanyia kazi kwa wastani wa saa 45 kwa mwezi katika miezi 3 iliyopita, kwamba anakutegemea wewe kiuchumi, kwamba unampa vifaa vya kazi, kwamba hana mtu mwingine anayemfanyia kazi. Saa 45 kwa mwezi ni chini ya siku 6. Vijana wangu walikuwa wakifika kila siku saa 11 alfajiri, wakivaa makoti meupe niliyowanunulia mimi. Kumwita mtu kibarua hakubadilishi lolote katika hayo.

Tanuri hufanya kazi usiku, na usiku una hesabu yake. Kisheria usiku ni kuanzia saa 2 usiku mpaka saa 12 asubuhi, na kila saa ya kazi katika kipindi hicho inaongezewa asilimia 5 ya mshahara wa msingi. Mwokaji wangu mkuu huingia saa 3 na nusu usiku na kutoka saa 12 asubuhi, akiwa na saa moja ya mapumziko katikati, kwa usiku 6 wa juma. Hizo ni saa 7 na nusu za kazi kwa usiku, saa 45 kwa juma, ambazo ndizo kikomo cha saa za kawaida. Ili kupata ujira wa saa moja, mshahara wa mwezi unagawanywa kwa 4.333 kisha kwa saa za kawaida za juma, na kwa 292,500 inakuja shilingi 1,500 kwa saa. Asilimia 5 ni shilingi 75. Kwa usiku mmoja ni kama 560, na kwa mwezi ni shilingi 14,625. Nilikuwa sijamlipa kiasi hicho kwa miaka 3. Mtu anaweza kuona kwamba 14,625 ni kitu kidogo, lakini kwa miezi 36 ni shilingi 526,500, na mwokaji huyo kwa miaka yote hiyo alikuwa akijenga chumba na sebule kule Kihonda, tofali moja moja.

Saa za ziada nazo zina mipaka: zisizidi 50 katika kila majuma 4, na zilipwe mara moja na nusu ya ujira wa kawaida, yaani 2,250 kwa mwokaji wetu. Kazi ya siku ya mapumziko au ya sikukuu hulipwa mara mbili. Kipindi cha Ramadhani, mahitaji ya mikate yanapopanda, nilizoea kuwaambia watu "tuvumiliane mpaka Idi", kisha siku ya Idi nikawapa kila mmoja kuku na mchele. Kuku bado nawapa. Saa za ziada nazo zinaandikwa katika daftari la mahudhurio na kulipwa mwisho wa mwezi.

Kwa mjamzito, kazi ya usiku hairuhusiwi katika miezi 2 kabla ya kujifungua, na hata mapema zaidi akiwa na cheti cha daktari. Likizo ya uzazi ni siku 84, au siku 100 akijifungua mtoto zaidi ya mmoja, na akirudi anastahili hadi saa 2 kwa siku za kumnyonyesha mtoto. Mwenzangu mmoja mwenye mgahawa aliniambia wazi kwamba kwa sababu hiyo haajiri wasichana. Nilimjibu kwamba kubagua kwa sababu ya ujauzito au jinsia ni kosa katika sheria hiyohiyo, na kwamba mpakiaji wangu bora amejifungua mara mbili akiwa kazini, akarudi mara zote mbili. Baba naye ana siku 3 ndani ya siku 7 za kuzaliwa kwa mtoto. Likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, sikukuu zikihesabiwa humo, na malipo yake hutolewa kabla mtu hajaondoka.

Michango ya hifadhi ya jamii sitaieleza kwa urefu, kwa kuwa ofisi za NSSF huieleza vizuri. Jumla ni asilimia 20 ya mshahara, na kwa mfanyakazi haikatwi zaidi ya asilimia 10. Mfuko wa Fidia kwa Wafanyakazi ni wa mwajiri peke yake, asilimia 0.5 kwa sekta binafsi, wala usimkate mfanyakazi. Kwa mshahara wetu wa mfano ni shilingi 1,462 na senti, ambazo ni ndogo sana ukilinganisha na mkono ulioungua tanurini. Jambo moja nalisema kwa ukali: kumkata mtu kila mwezi kisha usipeleke ni kumnyang'anya uzee wake. Afadhali mwajiri ambaye hajaanza kabisa, kwa maana mfanyakazi wake walau anajua kwamba hana akiba. Kuhusu kima cha chini cha mshahara, fungua amri inayotumika sasa katika sekta yako, kwa maana hubadilishwa. Ile iliyoanza tarehe 1 Januari 2023 ndiyo iliyonifanya nipitie upya mishahara ya wapakiaji wote.

Mwaka 2021 nilijikuta tena mahali pale pale. Mifuko 14 ya unga ya kilo 50 haikuonekana ghalani, na mtunza ghala alikuwa mgeni, mwenye miezi 9 tu kazini. Safari hii sikushika simu. Nilimwandikia tuhuma, nikampa siku 3, akamleta mwokaji mkuu awe msaidizi wake, na yule ofisa mstaafu akaongoza kikao ofisini kwangu huku karani akiandika muhtasari. Mtunza ghala alikuja na daftari lake dogo la mfukoni. Humo alikuwa ameandika Jumapili mbili ambazo yeye alikuwa mapumzikoni na ghala likafunguliwa bila yeye, akaniuliza mbele ya mwenyekiti kama namkumbuka aliyetoa ruhusa. Niliikumbuka. Ufunguo niliutoa mimi, kwa simu, kwa sababu oda ya shule ilikuwa imeingia ghafla na zamu ya usiku ilihitaji unga. Unga ule ulikuwa umetumika, mikate iliuzwa, na stakabadhi za oda hiyo zilikuwa katika faili jingine kabisa, mita mbili kutoka tulipokaa. Mwenyekiti aliandika kwamba tuhuma haikuthibitika, akapendekeza ghala lisifunguliwe tena bila saini mbili. Kikao kizima kilichukua saa moja na dakika 20.

Nilitoka nje nikakaa kwenye benchi la wateja, nikamfikiria kijana wa 2017 na zile dakika 2 za simu.

Alikuja mwaka uliofuata, asubuhi, wakati foleni ya mikate ilikuwa imeshapungua. Alikuwa amepata nafasi ya udereva kwenye kampuni ya usambazaji nao walikuwa wakitaka cheti cha utumishi, karatasi ambayo sheria inamtaka mwajiri ampe kila mfanyakazi ajira inapokwisha, hata iwe imekwisha vipi, na ambayo mimi sikuwahi kumpa. Nilimkaribisha chai. Nikaandika jina lake kamili, kazi aliyoifanya, mahali alipoifanyia, tarehe aliyoanza na tarehe aliyomaliza, nikatia saini na muhuri, nikatoa nakala moja kwa ajili ya faili lake, ambalo sasa lipo.